Mwanamke Aliyeikata Riwaya Yangu

Kikundi chetu cha wasomaji mjini Voi kilikuwa na kila kitu isipokuwa wasomaji. Kilikuwa na mwenyekiti, kilikuwa na fulana za kijani zilizoandikwa mgongoni, kilikuwa na kundi la WhatsApp lenye picha ya rafu ya vitabu ambayo haikuwa ya mtu yeyote tuliyemjua. Tulikutana Jumamosi moja kila mwezi katika chumba cha nyuma cha hoteli iliyo karibu na stesheni ya zamani. Tuliagiza chai na chapati, kisha kila mmoja akatoa riwaya aliyokuja nayo, akaisifu, na mwenzake akaichukua kwenda kuisoma. Mwezi uliofuata riwaya ilirudi safi kama ilivyoondoka. Aliyeiazima alisema imemgusa sana, akaisukuma kwa mwenyewe, akanyoosha mkono kuchukua nyingine. Sikumbuki mtu kuulizwa imemgusa wapi.

Mwenyekiti wetu alikuwa ofisa wa elimu aliyestaafu, mzee mwenye sauti nzito, aliyezoea kusikilizwa na walimu waliomwogopa. Kustaafu kulimnyang'anya walimu hao, na nadhani alituunda sisi ili apate wengine. Alipendekeza riwaya nene tu, za Kiingereza, zenye maandishi madogo. "Hiki lazima ukisome," alikuwa akisema, na hilo neno lazima alilitamka kama anayetoa adhabu. Wakati mmoja aliniazima riwaya ambayo alisema ameirudia tena na tena tangu ujana wake. Nilipofika nyumbani nikakuta kurasa za katikati zimeshikana kingoni jinsi zilivyotoka kiwandani. Ilinibidi nizitenganishe mwenyewe, moja baada ya nyingine, ili nijue kama yule binti wa kwenye hadithi alifika alikokuwa akienda. Siku ya kuirudisha nikamwuliza anamwonaje yule binti. Akafikiri kidogo, akasema ni mhusika mzito sana.

Kulikuwa na mama mmoja wa benki, mwenye kucha nzuri na sauti ya kupokea wateja, ambaye aliita riwaya kila kitabu kisicho na picha. Riwaya zake zote zilihusu mtu aliyekuwa maskini, akaanza kuamka saa kumi alfajiri, akawa tajiri. Mimi huamka saa kumi tangu niajiriwe ofisi ya maji, na cha pekee nilichovuna ni kuzijua sauti za majogoo wa jirani. Halafu kulikuwa na mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili. Yeye alizipenda kwa dhati riwaya zilizokuwa kwenye mtihani, na vitabu vya mtihani vikibadilishwa, mapenzi yake nayo yalihama. Hukumsikia akisema kwamba fulani alikufa au fulani alimwacha mkewe. Alisema maudhui, alisema ploti, alisema mbinu za lugha. Alizisoma riwaya jinsi watu wa mochari wanavyowajua watu.

Mtu ataniuliza kwa nini nilibaki. Nilibaki kwa sababu Voi hakukuwa na pengine pa kwenda. Duka la vitabu tulilo nalo huuza vitabu vya shule, kalamu na kadi za harusi. Na nitasema kweli, kudharau watu huku unakula chapati moto ni raha ambayo haipatikani ovyo.

Mimi ni mtoto wa Kaloleni, mtaa wa Voi. Baba yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, akamkuta mama hapahapa, wakatuzaa. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo mtaa mzima ungeweza kugombana nayo. Vitabu vyangu vya kwanza vilikuwa vile ambavyo abiria walivisahau kwenye mabehewa, baba akavileta vikiwa na alama za vikombe vya chai kwenye jalada. Hakuna aliyenipendekezea chochote. Niliokotewa. Nilisoma cha mapenzi, cha wapelelezi, cha wachungaji waliookoka, na kama ni kibaya nilikisoma nikikitukana hadi mwisho. Ndiyo maana mtu akiniambia kitabu kitabadilisha maisha yangu, namtazama usoni kuona kama ya kwake yamebadilika.

Siku ambayo mwuguzi mmoja mgeni alikuja ilikuwa Jumamosi ya jua kali, nasi tulikuwa tumeshafika kwenye chai ya pili. Alikuwa anafanya kazi katika zahanati moja upande wa Kishushe, mahali ambapo magari ni ya kubahatisha, na alikuwa ameomba nafasi kwenye lori la watu wanaotafuta madini. Alikuwa mwanamke wa milimani, mfupi, mpana wa mabega, amejifunga leso juu ya sketi ili kuzuia vumbi, na mkono mmoja wa miwani yake ulishikizwa kwa plasta ya hospitali. Alisema amesikia kwamba hapa watu hubadilishana riwaya. Mwenyekiti akamkaribisha kwa hotuba, kisha akamwuliza ameleta nini.

"Sijaleta kitu, mzee," akasema. "Nimekuja kutafuta. Nilivyokuwa navyo nimevimaliza."

Hilo halikuwa limewahi kusemwa katika chumba kile. Mwenyekiti akachukua riwaya yake nene ya mwezi huo, akamsogezea, akamwambia hiki lazima akisome. Mwuguzi akakigeuza mkononi.

"Kinahusu nini?"

"Kinahusu maisha," mwenyekiti akajibu.

"Maisha ya nani?"

Mwenyekiti akanywa chai. Alipomaliza kunywa akasema ni vizuri msomaji ajigundulie mwenyewe. Mwuguzi akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma pale pale tukimtazama, akaruka katikati, akasoma tena, akakifunga na kukirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama anayerudisha dawa iliyopitwa na tarehe. Mama wa benki akamwonyesha cha kwake. Mwuguzi akasoma maneno ya nyuma ya jalada na kusema kwamba yeye huamka saa tisa.

Nilimpenda papo hapo. Na kwa sababu nilimpenda nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa yeyote katika kikundi kile. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na riwaya mbili. Moja ilikuwa ya kuazimisha, niliyokuwa nikiitoa kila mwezi kwa sababu sikujali ikipotea. Nyingine ilikuwa yangu hasa, niliyotembea nayo. Nikampa hiyo.

Sitaitaja jina, na haijalishi. Ni riwaya ya Kiswahili, si ndefu, inayomhusu mjane ambaye shemeji zake wanamtoa shambani na nyumbani mumewe akiwa hajamaliza wiki kaburini. Mwandishi anaandika kwa ukali, bila kulialia. Mjane anahangaika kwa chifu, kwa wazee, kwa kanisa, na kila mlango unafunguliwa kwa heshima na kufungwa kwa heshima. Mwishoni anarudi na kuketi nje ya ile nyumba, anakataa kuondoka. Kisha inakuja sura ya mwisho, ambapo shemeji mkubwa anatoka, anapiga magoti mavumbini na kuomba msamaha. Mjane anamsamehe, wanaingia ndani wote, wanakula. Sura hiyo nilikuwa nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba kitabu kilijifungukia hapo chenyewe.

Akaondoka nacho. Mkutano uliofuata hakuja, wala ule uliofuata. Nilimwandikia kwenye simu kumwuliza amefika wapi. Jibu lilikuwa neno moja, "Bado," na lilikuja baada ya siku kadhaa kwa sababu huko mtandao nao ni wa kubahatisha. Nilifurahi. Katika kikundi chetu watu walimaliza riwaya ya kurasa mia nne kwa Jumapili moja. Mtu aliyeweza kusema bado alikuwa anasoma kweli.

Alirudi msimu wa kiangazi. Kitabu alikuwa amekifunga kwenye gazeti, na nilipokishika niliona kimekonda. Nikakifungua nyuma. Palipokuwa na sura ya mwisho palikuwa na ukingo mwembamba wa karatasi ulionyooka sawasawa, umekatwa na mkono uliozoea kazi hiyo.

"Nimeitoa sura ya mwisho," akasema kabla sijamwuliza. "Iliyobaki ni nzuri sana."

Mwenyekiti alinitangulia. Akasimama, akavuta fulana yake chini, akazungumza juu ya kitabu kama urithi wa mwanadamu, juu ya mwandishi anayekesha akiandika, juu ya taifa lisiloheshimu maandishi. Alizungumza vizuri. Ungemsikia usingejua kwamba kitabu kilichokuwa mbele yake mezani, alichokuja kukisifu, kilikuwa bado na karatasi ya bei. Mama wa benki akasema hawezi kumwazima mtu kama huyo hata kijiko. Mwalimu akauliza, na aliuliza kwa uchungu, kama mwanafunzi angekisoma kitabu hicho angejibuje swali kuhusu hatima ya mhusika mkuu.

Mwuguzi aliwasikiliza huku akila chapati yake. Alipoulizwa ana la kujitetea akasema hapana, ila kama mwenye kitabu anataka kujua sababu, atamweleza mwenyewe. Mwenyekiti akasema sababu haipo. Akapendekeza aondolewe kikundini, akaomba mikono. Mikono yao ikapanda yote, mpaka ya wawili watatu waliokuwa wakitazama mpira kwenye televisheni ya ukutani na hawakuwa wamesikia kosa lenyewe.

Kisha wakanigeukia mimi, wakiwa na nyuso za matanga. Nami nilikuwa na hasira kuliko wao wote pamoja. Ningeweza kumpiga yule mwanamke. Lakini nikaitazama ile mikono iliyokuwa hewani, mikono ya watu ambao miaka yote hiyo hawakuwa wamechafua ukurasa hata mmoja kwa kidole chenye mafuta, na hasira yangu ikakataa kukaa pamoja na yao.

"Kitabu ni changu," nikawaambia, "na ugomvi ni wangu. Shusheni mikono."

Hawakuishusha. Mwuguzi akamaliza chai, akashukuru, akasema lori lake halitamngoja. Nami nikaondoka nyuma yake kidogo, si kwa kumfuata. Niliondoka kwa sababu ningebaki ningewaambia maneno ambayo katika mji mdogo huwezi kuyarudisha. Fulana yao niliwapelekea wiki iliyofuata, imefuliwa na kupigwa pasi.

Mwalimu hakuchelewa kueneza maelezo. Yule mwanamke, alisema, ni mjane mwenye uchungu, shemeji zake walimnyang'anya ng'ombe upande wa Ndara, na ndiyo sababu hakuweza kuvumilia mwisho mwema. Hakuna aliyejua amezipata wapi habari hizo. Zilikaa vizuri tu, kama jibu la mtihani. Nami nikaziamini, kwa sababu zilinipa ruhusa ya kumhurumia, na mtu unayemhurumia unaweza kumsamehe bila kukubali kwamba alikuwa na hoja.

Hata hivyo nilizitaka kurasa zangu. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na ofisi yetu ilikuwa ikipeleka maji kwa lori mpaka zahanati za mbali. Nikamwomba dereva wa upande wa Kishushe anichukue. Alinijibu kwamba sista wa zahanati ya huko ana roho nzuri, ila ukienda bila ugonjwa atakutafutia mmoja. Tulipita barabara mbovu, vumbi likiingia kwenye meno, na mahali pamoja tukasimama muda mrefu kungoja tembo waamue wanataka upande gani. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Voi, na kila tuliposimama nikayapanga upya, yakizidi kuwa makali.

Nilifika siku ya kliniki. Kina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi refu la kivulini na wengine chini kwenye leso, wakiwa na watoto wa kupimwa uzito na kuchomwa chanjo. Mwuguzi aliniona akiwa mlangoni, akaniambia, "Dada, keti, foleni ni foleni," akarudi kazini. Nikaketi mwisho wa benchi na mkoba magotini. Mama aliyekuwa karibu nami alimtazama dereva akivuta bomba la maji, akanitazama mimi, akaniuliza kama mimi ndiye wa kile kitabu cha mjane.

Nikamwuliza amekijuaje. Akasema wote wanakijua. Sista huwasomea siku za kliniki wakingoja, kwa sababu wengine hutoka mbali sana, na mtu akikaa bila la kufanya huanza kuhesabu alichoacha nyumbani. Akaanza kunisimulia riwaya yangu mwenyewe. Aliisimulia kama habari ya jirani. Alimjua chifu yule kwa tabia, akasema wako hivyo. Alimlaumu mjane kwa kumwamini mzee wa kanisa. Wengine wakaingilia, mmoja akasema si mzee wa kanisa aliyemponza, ni yeye kuacha ufunguo kwa wifi yake. Walibishana juu ya huo ufunguo mpaka mtoto mmoja akaamka. Mimi niliyekisoma kitabu hicho tangu nikiwa msichana sikuwa nimeukumbuka ufunguo.

"Na mwisho?" nikauliza.

"Ule mwisho tulimwambia sista autoe," akasema yule mama, kwa sauti ya mtu anayesema walitoa mawe kwenye mchele.

Kwa hiyo maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima yakakosa wa kuambiwa. Ningeweza kumgombeza mwanamke mmoja. Benchi zima ningelifanyaje.

Mchana watu walipopungua akaniita ndani, akanimiminia chai ya rangi kutoka kwenye chupa, akaketi upande wa pili wa meza na kuvua miwani. Nikampa pole kwa yaliyompata, nikamwambia najua amepitia mengi na shemeji zake. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

"Mume wangu yuko nyumbani, hajambo, leo ni zamu yake kupika," akasema. "Shemeji zangu sina ugomvi nao. Kwani lazima niungue ndio nijue moto unachoma?"

Kisha akanieleza. Alikuwa amewasomea kitabu kliniki baada ya kliniki, na ndiyo maana alikuwa amekaa nacho hivyo. Alipofika sura ya mwisho aliisoma kama zile nyingine, na kina mama wakanyamaza. Alifikiri wameguswa. Kulikuwa na mmoja wao, mjane wa kweli, ambaye wakati huo alikuwa akiishi na watoto wake kwenye chumba cha kuazima, na shamba lake limelimwa na ndugu wa marehemu. Huyo ndiye aliyeuliza. Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua kama na yeye akienda kuketi pale nje, ni muda gani mtu huketi kabla hawajatoka kupiga magoti.

"Sikuwa na jibu," mwuguzi akasema. "Mtu akiniuliza dawa inafanya kazi baada ya muda gani, mimi ni lazima niwe na jibu. Wenzake wakamjibu kabla yangu. Wakasema huyo aliyeandika hajawahi kuwa na shemeji. Wakaniambia nitoe, nikatoa mbele yao kwa wembe mpya."

Yule mjane, akaniambia, walimpeleka kwa mwanasheria wa bure anayekuja Wundanyi, na kesi yake bado inaendelea. Wala hakusema kwamba atashinda.

Nikamwambia kwamba hata hivyo hakuwa na haki. Kitabu kilikuwa cha watu, na mwisho wa mwandishi ni wa mwandishi. Akakubali kwa kichwa, bila aibu yoyote. Halafu akaniuliza mimi niliupendea nini mwisho ule.

Sikuwa nimewahi kuulizwa. Tazama, nilikuwa nimekaa na watu waliojiita wasomaji, tukipendekezeana vitabu mwezi baada ya mwezi, na swali hilo la kitoto halikuwahi kupita mezani. Nikamjibu. Nikamwambia kwamba baba alipostaafu reli alisema anakwenda kwao magharibi kuangalia shamba, na kule akakaa, akawa na mke mwingine, na mama akabaki Kaloleni akisema atarudi mvua zikiisha. Mama alikufa bila baba kutia mguu, na hata mazikoni hakuja. Basi katika riwaya ile, angalau pale, kuna mmoja anayetoka nje na kupiga magoti.

Hakuniambia pole. Alivaa miwani yake.

"Kumbe wewe hukuisoma riwaya, dada," akasema. "Uliisoma sura moja."

"Na wewe umeisoma riwaya yote, pungufu ya sura moja," nikamjibu.

Akacheka, nami nikakasirika, halafu nikacheka kidogo. Akasema sura ile ni panadoli. Nikamwuliza kama yeye panadoli hagawi. Akasema hugawa kila siku, ila hamdanganyi mtu kwamba mguu wake uliovunjika umepona. Tuliendelea hivyo mpaka dereva akapiga honi, na hakuna aliyeshinda. Nilipoinuka akafungua droo, akatoa bahasha ndogo ya khaki ya kutilia vidonge, na ndani yake zilikuwa kurasa zangu zimekunjwa mara mbili. Hakuwa amezitupa. Alisema hutupa taka, na hizi hazikuwa taka, zilikuwa mahali pasipo pao.

Nilipofika Voi nilikisoma kitabu chote bila hizo kurasa, nikitafuta kosa lake. Nilitaka kumwandikia kwamba hadithi imeachwa uchi, haina miguu. Nilisoma mpaka mahali mjane anapoketi nje ya nyumba yake na jua linamwakia na yeye haondoki, na hapo karatasi zikaisha. Sikumwandikia chochote, na yeye hajaniuliza. Kurasa zile sijazigundisha mahali pake. Ziko kwenye bahasha yake ileile, kabatini, na nikimkumbuka mama mimi huzitoa nikazisoma zenyewe tu, kama barua ya mtu asiyeandika barua.

Sasa tunabadilishana riwaya, yeye na mimi, kupitia madereva wa maji. Hanipendekezei. Huleta kitabu, na maoni yake yamo ndani tayari, pembeni, kwa kalamu ya bluu ya zahanati, mengine ni neno moja tu, "Muongo." Ladha zetu hazifanani hata kidogo. Yeye anapenda riwaya za mapenzi za bei rahisi zinazouzwa soko la Mwatate, zenye mwanamume kifua wazi kwenye jalada, na katika hizo, ajabu, husamehe kila mwisho. Nilimwuliza kwa nini. Alisema hizo hazijidai. Nilizisoma kwa dharau, nikamrudishia na malalamiko, na nikaomba nyingine, ambalo ni jambo nisilopenda lijulikane Voi.

Kikundi cha wasomaji bado kipo. Kundi lao la WhatsApp, naambiwa, siku hizi hutangaza viwanja vinavyouzwa, pole za misiba na mafundisho ya kuamka mapema. Fulana wamechapisha nyingine, za rangi ya machungwa.

Juzi nilikutana na mwenyekiti karibu na soko, akinunua ndizi. Alikuwa mchangamfu, akaniuliza jinsi alivyowauliza watu maisha yake yote, "Unasoma nini siku hizi?" Nikamtajia jina la riwaya nililolitunga pale pale nikitazama mizani ya mwenye ndizi, na jina la mwandishi nikalitunga pia. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kwa heshima. Akasema aliisoma zamani akiwa chuoni, na kwamba mwisho wake ulimtoa machozi.